Kitambaa cha Jubilei

Nina ulimi mkali, na wateja wangu wa Yeoville, hapa Joburg, wanalijua hilo. Mtu akirudisha gauni akisema limebana, namuuliza kama ni gauni lililonenepa. Hata hivyo wanarudi, kwa sababu nashona vizuri. Kwa hiyo asubuhi ile, kiongozi wa akina mama wa kanisa letu alipoingia dukani kwangu akitabasamu kupita kiasi, mfuko ameukumbatia kifuani, nilijua kuna kazi anayotaka ifanywe haraka na ifanywe vizuri.

Ni mama wa Bukavu, mwenye mwili, na sauti ya kupangia watu viti. Alikunjua juu ya meza yangu bazin nyeupe yenye maua ya rangi ya dhahabu, mita tano, kitambaa cha kweli kinachong'aa bila kukwaruza.

"Mama fundi, hii ni ya kasula ya padri muzee," akasema. "Anatimiza miaka makumi tano ya upadri. Tutamufanyia jubilei kubwa, na tunataka asimame pale altareni amevaa kazi ya mikono yako."

Padri mzee alikuwa amefika miezi michache nyuma kutoka kwetu Lubumbashi, kutibiwa macho. Mapadri wenzake walimpa chumba katika nyumba yao kule Jeppestown, na Jumapili alikuwa akisoma misa yetu ya Kiswahili. Watu walimpenda kuliko kawaida. Alihubiri kwa ufupi, aliimba nyimbo za zamani bila kitabu, na kwa watu wanaoitwa makwerekwere, wageni wasiotakiwa, wiki nzima, kusikia sauti ile ilikuwa ni kurudishwa nyumbani kwa saa moja na nusu.

Mimi nilimtambua Jumapili ya kwanza, kabla hajafungua mdomo, kwa namna alivyovuta mikono ya kanzu yake kabla ya kuinua mikono. Nilikaa benchi la nyuma misa nzima, sikuitikia hata wimbo mmoja. Kisha nikarudi Bellevue, nikampikia mama yangu bukari, ugali wa kwetu, na samaki, na sikumwambia neno.

"Mlete nimpime," nilimwambia mama kiongozi.

Mama yangu ana miaka themanini na mmoja. Tunakaa chumba kimoja katika nyumba ya zamani iliyogawanywa kwa mbao, na majirani wa Kizulu wanamwita gogo, yaani bibi, na kumletea maboga. Kwa miaka arobaini na mitatu mama amevaa nguo ya rangi moja tu, buluu nzito, kitambaa cha kilio. Kila mwaka mwezi wa sita, baridi inapoingia, namshonea nyingine ya buluu kwa mtindo uleule. Simpimi. Nakata tu.

Kwetu msiba una mwisho. Wakati ukifika ndugu wanakusanyika, mfiwa anavuliwa nguo za kilio, anaogeshwa, anavalishwa kitambaa kipya, watu wanakula na kucheza, matanga yanaondolewa. Lakini ili uondoe matanga, sharti kwanza yawe yamewekwa. Kaka yangu alichukuliwa na askari akiwa na miaka ishirini na moja, na hatukuletewa maiti, wala kaburi, wala mtu wa kusema nilimwona. Ndugu walimsihi mama mara nyingi avue ile buluu. Jibu lake lilikuwa moja.

"Sijalia bado. Sasa mutaniambia niache kulia nini?"

Mwaka huu daktari wa kliniki alisema moyo wake umechoka. Hofu yangu ilikuwa kwamba angezikwa na ile buluu, hajajua. Na nyuma ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine, yangu peke yangu, ambayo sikuwahi kumwambia mtu yeyote, hata marehemu mume wangu.

Nchi wakati ule ilikuwa mikononi mwa wanajeshi. Picha ya rais ilikuwa ukutani hata kwa kinyozi, na shuleni tulianza siku kwa kumwimbia. Kaka yangu alikuwa mwanafunzi wa chuo. Yeye na wenzake walichapa karatasi wakiuliza wenzao waliokamatwa wako wapi. Ni hilo tu, swali. Askari walipoanza kuwatafuta, mama yangu, aliyekuwa tayari mjane na anauza makaa, alimficha katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, nyuma ya magunia. Tulikiita depo. Akaniambia mimi, mtoto wa miaka tisa: wakija watu kuuliza, sema kaka yako amekwenda Kolwezi kwa baba mdogo.

Walikuja. Nilikuwa naruka kamba mlangoni. Nilisema Kolwezi, kwa baba mdogo, bila kuacha kuruka, na wakaondoka. Nilijivuna siku nzima.

Lakini mwezi ule nilikuwa kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza, na katekista wetu alikuwa amefika kwenye amri ya nane. Alituambia mtu akipokea komunyo na uongo moyoni, ile hostia inageuka kuwa moto tumboni. Nililiamini kila neno. Jumamosi tuliungama kwa mara ya kwanza, na aliyekuwa nyuma ya pazia ni padri huyu huyu, kijana wakati huo, mwenye sauti nzuri. Nilimwambia nimeiba sukari. Nilimwambia nimempiga mtoto wa jirani. Kisha nikamwambia: nimewadanganya askari, nilisema kaka yuko Kolwezi, na kumbe yuko kwenye depo ya makaa.

Alinipa Salamu Maria tatu.

Jumatatu askari walirudi. Hawakuuliza mtu. Walipita ua moja kwa moja mpaka depo, wakatupa magunia, wakamtoa kaka yangu mweusi kwa vumbi la makaa, meno tu yakionekana. Alinitazama. Jumapili iliyofuata nilivaa gauni jeupe la kuazima, nikapokea komunyo ya kwanza. Ikawa pia ya mwisho. Tangu siku ile naenda misa kila Jumapili, na watu wanapopanga mstari mimi nabaki kwenye benchi. Wengine wanadhani nina ndoa ya siri.

Mama alikuwa akimngojea padri nje ya kanisa baada ya kila misa. "Mon père, mwanangu iko wapi?" Naye alikuwa akijibu, "Tumwombee, mama." Miezi michache baadaye akahamishwa, akawa padri wa kambi ya jeshi, na tukamwona mjini ndani ya jipu la kijani. Mtaa mzima ulisema ni yeye aliyemuuza kaka. Mama alisema hivyo pia. Mimi nilijua zaidi yao wote, au ndivyo nilivyodhani. Nilijua padri alilipata wapi neno la kuuza.

Mama kiongozi alimleta siku mbili baadaye, akamketisha, akasema anakwenda kununua matembele na atarudi. Nilibaki na padri peke yangu. Alikuwa amepungua, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Jicho moja lilikuwa limefunikwa kwa pamba.

Nilimpima mabega. Nilimpima urefu. Mikono yangu ilikuwa sawa kabisa, na hilo lilinishangaza. Nilipofika shingoni niliacha futi ya kupimia pale, nikamwambia mimi ni nani. Nilitaja mtaa wetu. Nilitaja depo ya makaa. Nilitaja jina la kaka yangu.

Hakushtuka kama nilivyotaka. Alishuka tu, kama gunia linalopungua unga, mpaka nikamwekea mkono asianguke.

"Mama yako yuko muzima?" akauliza.

"Mimi ndiye ninauliza hapa. Mon père, ile nilikuambia kwenye maungamo, uliipeleka kwa askari?"

Alitazama mlangoni. Niliuliza tena. Akatikisa kichwa, akasema, "Siwezi kusema kitu juu ya maungamo ya mutu. Hata moja. Hata kwako."

Hapo nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuijua. Nilimwambia kwamba ameweza kukaa kwenye jipu lao, ameweza kula kwenye meza yao, na leo anakumbuka sheria. Nilimwambia maneno ni yangu, niliyasema mimi kwa mdomo wangu nikiwa na miaka tisa, na mimi mwenyewe namfungulia, aseme.

Akanigeuzia lile jicho zima. "Basi kama unanifungulia," akasema. "Haukunifundisha kitu siku ile. Nilikuwa najua. Kaka yako aliniomba komunyo. Nilimupelekea siku ya tatu, asubuhi, na gunia tupu mukononi, kama mutu anakuja kununua makaa. Mama yako ndiye alinifungulia mulango wa depo. Siku ya tano kamanda alinikuta kanisani, sakristia, na nikamuambia. Wewe ulikuja kuungama siku ya posho. Ilikuwa imekwisha."

Kwetu siku ya tatu ni Jumatano, siku ya tano ni Ijumaa, na siku ya posho ni Jumamosi. Nilihesabu kwa vidole, pale pale mbele yake, kama mtoto wa shule. Jumatano, Ijumaa, Jumamosi.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Niliogopa. Kamanda alisema watamuuliza maneno na kumurudisha, na mimi nilichagua kuamini, kwa sababu ilinifaa kuamini. Nilimupa yeye Bwana siku ya tatu, na siku ya tano nikamutoa kwa kamanda. Ni mimi. Usitafute mwingine."

Nilitaka kumwamini kwa nguvu zote, na kwa sababu hiyo sikumwamini. Nilijiambia, huyu ni mzee mjanja, amenionea huruma, ananipa hadithi ya kunipoza. Mtu wa kuhakikisha alikuwa mmoja tu, naye alikuwa nyumbani Bellevue akichambua maharagwe. Lakini ili nimuulize mama kuhusu ule mlango, ningelazimika kumwambia kwa nini ninauliza.

"Njoo Bellevue umwambie mama yangu, bado amevaa buluu ya kilio," nilimwambia padri. "Usipokuja, kasula hii sikati."

"Niko na uoga," akasema.

"Hata mimi."

Mama kiongozi alirudi na matembele yake akatukuta kila mtu anatazama upande wake.

Wiki nzima nilikuwa nikiingia nyumbani na swali mdomoni, nikiishia kuuliza kama chumvi imetosha. Kitambaa kilikaa kwenye rafu. Baada ya siku sita mama kiongozi akaja, sasa bila tabasamu. Nilimwambia ukweli, sehemu yake: kwamba padri huyu alimtoa kaka yangu kwa askari. Akasema maneno ambayo nilikuwa nikiyangojea.

"Mama fundi, mupakwa mafuta wa Mungu haguswi. Na haya ni mambo ya zamani. Sisi hapa tuko wageni, tuko na matatizo ya papier za kukaa hapa, ya kazi, ya watoto wanaosema Kizulu tu. Utatuletea na hii?"

Nikamwambia, "Mama yangu ameivaa hii ya zamani leo asubuhi. Njoo uione, ina vifungo sita." Akaondoka bila kuaga. Nililia kidogo, si kwa ajili yake, kisha nikawasha mashine, na Joburg ikiwa Joburg, umeme ukakatika.

Padri alikuja Alhamisi saa nne asubuhi, kabla sijaondoka kwenda dukani, bila kualikwa tena. Alishuka teksi kwenye robot ya kona, yaani taa za barabarani, akatembea kwa fimbo, akiuliza kila mtu nyumba ya gogo mwenye nguo ya buluu. Wote walijua. Ndege hadeda walikuwa wakipiga kelele juu ya paa letu kiasi kwamba sikumsikia akibisha. Mama ndiye aliyefungua mlango.

Walitazamana. Mama alimjua papo hapo. Ameshindwa kunitambua mimi mara mbili mwaka huu nikiwa nimebadili wigi, lakini yule alimjua.

"Umezeeka," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu iko wapi?"

Swali lilelile, miaka arobaini na mitatu. Safari hii hakusema tumwombee. Alisimama pale pale mlangoni, hakuomba kiti, akasema kila kitu. Kamanda. Sakristia. Kwamba siku nne baada ya kaka kuchukuliwa walimfuata yeye padri kwa gari, wakampeleka nyuma ya kambi, kwenye kichuguu kikubwa chenye mti wa msuku juu yake, na chini yake palikuwa na shimo na maiti za vijana watano, kaka mmoja wao. Wakamwambia asali upesi. Alisali upesi.

Mama alikuwa ameshika ukingo wa mlango. Niliweka mkono mgongoni mwake.

"Ulimumwangia maji ya baraka?"

"Ndiyo."

"Ulitaja jina yake?"

"Hapana. Niliogopa kuitaja."

Mama akainamisha kichwa. Kisha akasema, polepole, na hakuwa akisema na padri tena. "Mimi nilimufungulia mulango. Ni mimi. Mutoto aliomba komunyo, nikasema padri ni mutu wa Mungu, nikamufungulia mimi mwenyewe na hii mikono. Miaka yote naona ile mulango."

Basi ilikuwa kweli. Nikakaa kitandani. Tulilala chumba kimoja miaka ishirini na zaidi, kitanda chake na changu vimeachana kwa hatua tatu, kila mmoja akiwa na hakika kwamba yeye ndiye aliyemuua kaka yangu. Nikamwambia. Sikutafuta maneno mazuri. Nilimwambia niliungama, nikiwa na miaka tisa, kwamba nilidanganya, na kwamba nilisema depo ya makaa, na kwamba tangu siku ile nilijua ni mimi.

Mama aligeuka akanitazama kwa namna anavyonitazama nikiunguza chakula.

"Weye uliungama ile uongo?"

"Ndiyo, mama."

"Ile uongo ilikuwa yangu! Mimi nilikutuma. Sasa ulienda kuungama zambi ya mutu mwingine sababu gani? Nani alikupa ruhusa?" Na machozi yalikuwa yakimtoka, na alikuwa amenishika uso kwa mikono miwili, vidole vinanuka maharagwe. "Miaka yote hii, mutoto. Miaka yote. Kwa kitu chenye haikuwa yako."

Nililia kwa sauti. Jirani wa upande wa pili wa mbao aliuliza kama kuna mtu amekufa. Nilimjibu ndiyo, akazima redio yake.

Padri alikuwa bado amesimama mlangoni. Akaanza kupiga goti moja, kwa shida, na fimbo ikaanguka. Mama alimzuia.

"Acha. Nani atakuinua? Mimi mugonjwa wa moyo. Kaa kwenye kiti, unywe chai."

"Mama, unanisamehe?"

"Sikusema nimekusamehe. Nimesema unywe chai." Akamimina mwenyewe. Alipomaliza kuweka sukari akamwambia: "Siku yako ile ya kukula keki, utataja jina yake. Mbele ya bantu bote, watu wote wa kanisa. Jina muzima, ya baba na ya mama. Ile uliogopa kuitaja, utaitaja."

Alikunywa chai yote. Aliitikia kwa kichwa.

Jumapili hiyo, baada ya baraka, padri mzee aliwaomba watu wakae. Alisema hatakuwa na jubilei, kwamba siku hiyo atataja tu jina la kaka yangu, na akaeleza kwa nini, bila kujipunguzia. Kanisa liligawanyika pale pale. Mzee mmoja wa kwaya alitoka akibamiza mlango. Wengine walisema padri amechanganyikiwa kwa dawa za macho. Wengine, na hawa ndio walionishangaza, walilia kama watu waliokuwa na zamu yao ya kulia. Mwanamke mmoja wa Burundi alisimama akauliza kwa sauti, hakumwuliza mtu hasa, kama na yeye anaweza kutaja jina.

Mama kiongozi hakuniangalia. Jumanne akaingia dukani. Alikuwa amevimba macho.

"Ile kitambaa," akasema, "ulikata?"

"Sijakata."

"Muzuri. Umupime mama yako."

Sikuelewa haraka. Akakasirika, kama anavyokasirika na watu wanaokaa viti visivyo vyao. "Sufuria tumekodi, mchele tumenunua, mbuzi tumelipia, tarehe iko. Tutupe? Tutaondoa matanga ya kaka yako. Na mimi mwenyewe nitapika." Kisha, akiwa ameshafika mlangoni: "Baba yangu pia walimuchukua. Walikuwa askari wengine, siyo hawa. Nilisema ni mambo ya zamani kwa sababu nilichoka kungojea."

Nilimpima mama jioni ileile kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa mdogo kuliko nilivyokuwa nikimkata. Ile miaka yote nilikuwa nikimshonea mwanamke niliyemkumbuka, mwenye mabega ya kubeba magunia, na yeye alikuwa akikunja mikono bila kulalamika. Aliomba shingo ya mraba na mikono iliyojazwa begani, mtindo wa ujana wake. Nikamwambia itakuwa kama bibi harusi. Akasema basi na iwe.

Padri alikwenda kwa wakili anayesaidia wakimbizi bila malipo, akaandikisha maelezo yake yote, mahali, majina aliyoyajua, jina la kamanda, akatia sahihi. Nakala moja ilitumwa kwetu Lubumbashi. Sijui serikali ya kwetu itaifanyia nini, na siwezi kujifanya ninajua. Lakini mtoto wa baba mdogo alikwenda nyuma ya kambi akatutumia picha kwa simu. Kichuguu kipo. Msuku nao upo, umekuwa mkubwa. Mama aliikuza picha kwa vidole viwili mpaka ikawa ukungu tupu wa majani, na hakuirudisha simu mpaka betri ilipokwisha.

Jumamosi kabla ya siku yenyewe niliingia kuungama kwa padri kijana wa parokia. Nilimwambia nina maungamo ya miaka arobaini na mitatu. Masikini, aliomba radhi akaenda kwanza kunywa maji.

Siku ilipofika, akina mama walikuja Bellevue asubuhi na mapema wakamwogesha mama yangu. Ile buluu walimvua, wakaikunja. Alipotoka nje na bazin yake nyeupe yenye maua ya dhahabu, majirani wa Kizulu walipiga vigelegele, na mama akasimama kwenye ngazi ili wamwone vizuri. Ninasema alijivuna, na ninasema alikuwa na haki.

Padri kijana ndiye aliyesoma misa. Padri mzee alikaa benchi la mbele kwa kanzu ya kawaida, bila kasula, bila stola. Wakati wa kuwaombea marehemu alisimama akageuka kwetu. Alitaja jina la kaka yangu, lote, la baba na la mama, kwa sauti ileile nzuri, haraka haikuwepo. Akataja majina mengine mawili. Kisha akasema, "Na wenzao wawili, wenye mimi sikuuliza majina." Baada yake akasimama yule mwanamke wa Burundi, akataja wake. Mama kiongozi akataja baba yake. Ikaenda benchi kwa benchi, na padri kijana akangoja mpaka ya mwisho.

Mama alilia. Alilia kilio chenyewe, cha kwetu, cha mikono kichwani, kilichongojewa miaka yote ile, na akina mama wakamwitikia. Kisha kikaisha. Akapangusa uso kwa leso yangu, akaniuliza kama bazin imepata doa.

Watu wakapanga mstari wa komunyo. Nilikuwa nimeshaungama, nilikuwa nimejiandaa, na bado nilikaa, kwa sababu mwili umezoea. Mama akasimama. Hakunivuta. Alinisubiri tu mpaka nikasimama nami, akanitanguliza. Tulisogea hatua kwa hatua hadi zikabaki hatua mbili, na hapo miguu yangu ikakataa. Nilikuwa na miaka tisa, na gauni la kuazima, na kaka yangu ananitazama na vumbi la makaa usoni.

Nilihisi vidole viwili vikinisukuma mgongoni, kwa nguvu, kama nilivyokuwa nikisukumwa kwenye foleni ya bomba.

"Songea, mutoto wangu," mama akasema nyuma yangu. "Bantu banangoja."